Kamati ya Taifa ya Kutonunua

Mambo yaliharibika Jumanne ya tarehe kumi na nne Machi, saa nne na robo asubuhi, pale nilipochovya kidole gumba kwenye wino wa serikali na kukigandamiza juu ya karatasi ya Maktaba ya Umma ya Adabuni. Saa naikumbuka kwa sababu ile ya ukutani ilikuwa imesimama, nikamuuliza karani, naye akatazama mkononi mwake akasema, "Saa nne na robo, mzee. Gandamiza vizuri, usitelezeshe."

Nikagandamiza vizuri. Kosa langu ni hilo. Mengine yote ni ya wakubwa.

Adabuni msiitafute kwenye ramani, mtaumiza macho bure. Ni nchi ndogo, tulivu, yenye wimbo wa taifa mrefu kuliko barabara yake kuu. Mimi naitwa Mbaruku, fundi wa magodoro ya sufi. Shule niliishia darasa la tatu, si kwa kukosa akili, ni kwa kukosa mwalimu wa la nne. Kusoma nasoma, ila taratibu, kidole kikitangulia na macho yakifuata. Marehemu mke wangu Sihaba ndiye alikuwa msomaji. Yeye alisoma kama mtu mwenye kiu anavyokunywa maji, na kadi yake ya maktaba ilikuwa namba kumi na moja katika nchi nzima.

Sasa kulikuwa na riwaya moja inaitwa *Kitasa cha Shaba*, juzuu tatu. Inamhusu mwanamke wa makamo, fundi saa, na bwana mmoja anayemletea saa kila Ijumaa atengeneze. Saa yenyewe haina ubovu wowote. Mwanamke anajua haina ubovu, bwana anajua kwamba anajua, na hivyo ndivyo zinavyokwisha kurasa mia mbili. Mengine yaliyomo siwezi kuyaandika hapa. Niliyasikia nikiwa upande wa pili wa pazia na masikio yangu yakapata moto.

Niliyasikia kwa sababu Sihaba hakuwa mchoyo. Kila Jumatano alasiri wanawake wa mtaa walikuja kwetu na sinia zao, wakakaa mkekani kuchambua mchele, naye akawasomea kwa sauti. Siku hizo mchele wa mtaa wetu ulikuwa safi kuliko wa ikulu, maana ulichambuliwa mara tatu tatu ili sura isikatike. Mimi nikiingia, kimya. Macho yote kwenye sinia.

Jumatano moja nikaingia kuchukua sindano yangu ndefu ya magodoro. Sihaba akaweka kitabu mapajani, akanitazama.

"Mume wangu, hivi wewe ushawahi kuniletea saa nzima?"

"Saa nzima inapelekwa kwa fundi kufanya nini?" nikamjibu.

Wanawake wakaangua kicheko mpaka mchele ukamwagika. Jirani yetu, Bi Mwatumu, ambaye mdomo wake hauna pazia, akasema, "Muache shemeji yangu. Huyo hata ukimpa usingizi atauliza umepasuka wapi ashone."

Nikachukua sindano nikatoka. Lakini niseme ukweli, lile neno lilinikaa. Miaka arobaini nimewajazia sufi watu wa mtaa ule. Hakuna aliyelala, aliyezaa wala aliyegombana na mwenzake ambaye hakuwa juu ya kazi ya mikono yangu, halafu leo nachekwa kwa ajili ya bwana wa kwenye karatasi, asiye hata na jasho. Nilimwonea wivu. Mtu mzima, mvi kichwani, namwonea wivu mtu wa wino.

Basi Jumanne iliyofuata Sihaba alipokwenda kwa dada yake, nikaichukua juzuu ya pili, aliyokuwa ameshaimaliza, nikaipeleka maktaba, nikaiweka kaunta. Karani akauliza kama tumemaliza. Nikasema, "Kitabu hiki kinanikera."

Laiti ningesema kimemalizika.

*

Karani aliposikia neno "kinanikera" alisimama. Akazunguka kaunta, akafunga mlango, akanivutia kiti chenye mto. Akaja mwingine na chai. Akaja wa tatu akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, machozi yanamlengalenga.

Mimi mjinga ningejuaje? Pale maktaba kulikuwa na Idara ya Kero za Wasomaji yenye maofisa arobaini na wawili, na kwa miaka kumi na tisa hakuna msomaji hata mmoja aliyewahi kuleta kero. Barua ya kuivunja idara ilikuwa imeshapigwa chapa, inasubiri mwisho wa mwezi. Halafu naingia mimi, nimevaa kandambili, na kero kamili mkononi.

"Mzee, umeiokoa idara," yule karani akaniambia huku akifungua kidau cha wino. "Weka kidole hapa. Saini siku hizi zinaghushiwa."

"Nitakuwa nimeandika nini?"

"Kwamba umekereka. Basi."

Nilijua si "basi". Mtu haletewi kiti chenye mto kwa sababu ya "basi". Lakini kicheko cha mkekani kilikuwa bado kinanilia masikioni, nikaweka kidole.

Haikupita wiki, ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kutonunua, wajumbe kumi na wawili, mwenyekiti Mheshimiwa Gwakila, mtu mrefu mwenye sauti ya kuagizwa kutoka nje. Wananchi tukaitwa viwanja vya maktaba kuambiwa. Sihaba akasema lazima aende, maana alikuwa amepeleka ombi la juzuu ya tatu na alisikia kuna jambo. Nikaenda naye. Ningekaaje nyumbani? Nikakaa pembeni yake, jasho linanitoka kama nimemeza pilipili.

"Ndugu wananchi!" Mheshimiwa alianza. "Yapo mataifa yanayopiga vitabu marufuku. Ni mataifa ya kishenzi. Adabuni hatujapiga marufuku kitabu chochote, wala hatutapiga. Sisi hatununui tu! Na kutonunua si tendo. Mimi hapa niliposimama sijanunua ng'ombe. Je, nimemkataza ng'ombe?"

"Hujamkataza!" umati ukaitikia, maana mbele walipangwa wale maofisa arobaini na wawili.

"Mwananchi mmoja, ambaye jina lake tunalihifadhi kwa usalama wake, amekerwa. Na penye mwananchi mmoja pana umma. Kwa hiyo umma umekerwa, na juzuu ya tatu ya *Kitasa cha Shaba* hatuinunui!"

Makofi. Sihaba akanyoosha mkono. Nikamvuta kanga, akaninyang'anya.

"Samahani, mheshimiwa. Juzuu ya kwanza mlinunua. Ya pili mkanunua. Ya tatu imekosa nini?"

"Swali zuri, mama. Nikuulize. Duka la mchele lisipouza dagaa, limekataza dagaa?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Umeona!"

"Lakini duka la mchele ni la mwenye duka. Akiuza mchele mtupu, shauri yake. Hapa sijaja dukani kwa mtu, nimekuja kwangu."

Watu wakaguna. Mheshimiwa akatabasamu kama anayesubiri sindano ya daktari. "Mama, rafu zina mwisho. Hatuwezi kununua kila kitu kilichoandikwa duniani."

Hapo, kwa haki ya Mungu, aliongea kweli, na hata Sihaba aliitikia kwa kichwa. Maktaba ile haikuwa kubwa. Rafu nne nzima zilikuwa zimechukuliwa na *Hotuba za Ufunguzi wa Vyoo vya Umma*, na zile ndizo zilizokuwa imara zaidi.

"Anayekitaka," akaendelea, "ana uhuru kamili wa kukinunua mwenyewe."

"Wapi, mheshimiwa?"

Kila mtu pale alijua jibu. Katika Adabuni kitabu hakipiti forodhani bila muhuri wa Maktaba, na Maktaba haigongi muhuri kitabu ambacho haikukinunua. Duka la vitabu lililobaki nchini lilikuwa linauza kadi za harusi na maua ya plastiki.

"Swali hilo," alisema Mheshimiwa Gwakila, "litaundiwa kamati ndogo." Na bendi ikapiga.

Tulirudi kwa miguu. Tukafika kwenye kona ya kinyozi. Pale Sihaba akasimama akasema, "Huyo mwananchi mwenye kero, Mungu ampe godoro la mawe."

"Amina," nikasema.

*

Mwezi wa sita miguu ya Sihaba ikaanza kuvimba. Daktari akasema moyo umekuwa mkubwa, asipandishwe ngazi wala hasira. Nikamshonea godoro jipya, sufi ya daraja la kwanza, nikaliweka karibu na dirisha. Akalala pale, na kila siku akawa anapungua kidogo, kama mshumaa uliowashwa mchana.

Siku moja akaniita. "Mbaruku. Mimi hii safari naiona, wala usinidanganye."

"Usiseme hivyo."

"Sina ugomvi na safari. Ila nataka kujua kilichotokea. Juzuu ya pili imeishia yule bwana ameingia, mwanamke amefunga mlango, amegeuza ufunguo. Basi. Miezi mitatu nimesimama nje ya mlango huo. Nitafutie ya tatu, mume wangu. Sikuombi kingine."

Katika ndoa ya miaka thelathini na sita yule mwanamke aliniomba vitu vichache, na vyote vilikuwa vya jikoni.

Nikaenda Idara ya Kero. Yule karani sasa alikuwa Mkuu wa Kitengo, ana tai na kengele mezani.

"Mzee wetu wa kero! Leteni chai!"

"Sitaki chai, bwana. Nimekuja kufuta kero yangu. Sikereki tena."

Akacheka kwa upole, kama mtu anayemwelewesha mgonjwa. "Kero haifutwi, mzee. Ikishapokelewa si yako, ni ya umma. Mpaka umma ukubali."

"Umma ni nani?"

"Ni wewe. Lakini si wewe peke yako."

"Wengine ni kina nani?"

Akafungua daftari. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine, akarudi wa kwanza. "Mpaka sasa," akasema, "ni wewe."

Akanipa kibali cha kuonana na Kamati yenyewe. Nikapanda ghorofa ya tatu. Chumba kizuri, mapazia mazito, viti vya kuzunguka. Na katikati ya meza, juu ya kitambaa cha kijani, nikakiona: *Kitasa cha Shaba*, juzuu ya tatu. Kimevimba kwa kushikwa, pembe zimejikunja, kina alama za vikombe vya chai. Sijapata kuona kitabu kilichosomwa kiasi kile. Cha Sihaba mbele yake kilikuwa bikira.

"Waheshimiwa," nikasema, "kumbe kipo!"

"Kipo kwa ajili ya kutonunuliwa," Mheshimiwa Gwakila akanirekebisha. "Kamati haiwezi kukataa kununua kitu isichokijua. Kila mjumbe anakisoma kwa zamu. Ni kazi ya kuumiza, mzee. Mimi binafsi nimeumia mara mbili."

"Mimi mara tatu," akasema mjumbe mwingine, "na sura ya sita naomba niirudie, kwa uzito wake."

"Mtamaliza lini?"

"Ukurasa wa themanini na nane haupo. Kuna mjumbe aliupeleka nyumbani kwa uchunguzi zaidi. Ukirudi, tutaanza upya tukiwa kamili."

Nikapiga magoti. Sioni aibu kusema. Nikawaambia nina mgonjwa, hana siku nyingi, sihitaji kitabu, nibaki hapa hapa nilipo mnisimulie tu. Maneno mawili matatu. Mlango umefungwa, halafu ikawaje?

Wajumbe wakatazamana. Nikaona nyuso zao zikalainika, kila mmoja kama amekumbuka kitu kitamu. Bi Kidawa, mwalimu mkuu mstaafu, mama wa heshima zake, akavua miwani akaifuta. "Mwambie mkeo," akaanza, "kwamba yule bwana..."

Mheshimiwa akakohoa. "Bi Kidawa! Kusimulia ni kuazimisha kwa mdomo."

Bi Kidawa akavaa miwani yake. Nikateremka ngazi.

*

Sasa sikilizeni wakubwa walivyo. Nilirudi nyumbani nikamwambia Sihaba kitabu kiko njiani. Alifurahi, akaomba asogezwe aone barabara. Na siku ya tatu yake barabara ikaleta kweli kitu: gari la Idara, watu watano na mpiga picha. Waliingia hadi chumbani bila hata hodi ya pili. Mkuu wa Kitengo ameshika cheti ndani ya fremu ya dhahabu.

"Mama, hongera kwa mume," akamwambia Sihaba, akasimama wima akasoma: "Cheti cha Mwananchi Mwenye Kero Bora. Kimetolewa kwa Bwana Mbaruku, fundi magodoro, kwa kuwa wa kwanza na wa pekee kulalamikia riwaya iitwayo *Kitasa cha Shaba*, na hivyo kuliepusha taifa na juzuu yake ya tatu."

Mpiga picha akaniambia nitabasamu. Ile picha ipo. Nimetabasamu.

Walipoondoka nikabaki nimesimama na fremu yangu. Nilitamani Sihaba anitukane. Nilitamani Bi Mwatumu aingie anitukane kwa niaba yake.

"Tundika basi," akasema. "Ukuta ule una msumari."

"Sihaba, walinipa kiti. Walinifungia mlango. Hawakuniambia kwamba..."

"Mbaruku."

"Naam."

"Ulikereka nini?"

Nikamwambia. Mkekani. Kicheko. Saa nzima. Nilipomaliza akafumba macho, nikadhani amelala. Kumbe anacheka, kifua kinapanda na kushuka kwa taabu.

"Mwanaume wewe. Ungeniuliza tu, ningekwambia nilikuwa nataka nini. Wala hakikuwa kwenye kitabu." Akatulia akavuta pumzi. "Haya. Umekiondoa, kijaze mwenyewe. Amefunga mlango, amegeuza ufunguo. Endelea."

"Mimi?"

"Nani tena yumo humu?"

Nikakaa kwenye ukingo wa godoro. Nikafikiri sana. Nikasema, "Mlango ukafungwa. Halafu yule bwana... akaona jiko. Wakanywa chai."

"Chai!" Sihaba akasema. "Miezi mitatu nje ya mlango, chai! Wewe ulifaa kuwa mjumbe wa Kamati."

"Chai ya tangawizi," nikajitetea.

Alicheka tena, akanishika mkono. Nikaendelea, nikasema yule bwana akamwambia mwanamke kwamba saa yake haina ubovu, kwamba... na hapo nikakwama. Sikujua neno linalofuata. Nimeishi na mke miaka thelathini na sita na sikujua neno linalofuata. Nikamwahidi nitalitafuta.

Akafa Alhamisi mchana, nikiwa bado natafuta.

*

Siku ya arobaini wanawake walikuja na sinia zao. Bi Mwatumu aliingia, akakiona cheti ukutani, akasoma mstari kwa mstari, akakaa. Hakunitania. Walichambua mchele kimya kimya, na tulipokula ulikuwa na mawe.

Cheti nimekishusha. Wakubwa bado wako pale pale. Idara imeongezewa maofisa, sasa wako sitini. Mheshimiwa Gwakila amesafiri mara mbili kwenda nchi za mbali kuwafundisha wenzake kutonunua. Mimi nawalaumu mchana kutwa, nikiwa nashona, kila sindano naitia jina la mmoja wao. Wao ndio walionipa wino. Wao walikuwa na kitabu mezani wakashindwa kumpa mtu anayekufa maneno mawili. Nawahesabu wote kumi na wawili, halafu, nifanyeje, najikuta nimefika wa kumi na tatu.

Mwezi uliopita nikafanya jambo. Nikaenda maktaba nikaomba fomu ya kuombea kitabu. Niliijaza mwenyewe, kwa mkono wangu, siku mbili nzima. Jina la kitabu: *Kitasa cha Shaba*, juzuu ya tatu. Penye "Sababu ya kukihitaji" nikaandika: *Nataka kujua nilimnyima nini.*

Jibu limekuja kwa bahasha ya serikali, lina mihuri minne. Nimelisoma taratibu, kidole kikitangulia. Nimewapelekea na wengine. Bi Mwatumu amelisoma akanirudishia, mwalimu wa mtaani amesema atafikiria, na mimi kila asubuhi nalifungua, nakaa na kalamu mkononi mpaka chai inapoa. Linasema hivi:

"Ndugu Mbaruku. Ombi lako limepokelewa. Kamati ingependa kukusaidia. Hata hivyo, kumbukumbu zetu zinaonyesha kwamba katika Jamhuri nzima ya Adabuni, aliyewahi kulalamika kitabu hiki kisiwepo ni wewe, na anayeomba sasa kiwepo ni wewe. Idara hii huwasikiliza wananchi wote kwa usawa. Tafadhali tujulishe kwa maandishi: tumsikilize yupi?"